Moduli Niliyomnyima Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Litein, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Chumba changu cha kazi kiko juu ya duka la mbegu na mbolea, na mtu akipanda zile ngazi na mashine iliyokufa, mara nyingi hushuka nayo ikiwa hai. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, kiasi kwamba feni ikikwaruza tu najua ugonjwa kabla mwenyewe hajamaliza salamu. Kwa hiyo nikisimulia jinsi nilivyomnyima mama mkwe wangu kitu alichokihitaji, isidhaniwe kwamba nilifanya hivyo kwa kutojua kazi. Nilifanya kwa kujiona naijua sana.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa watoto wasioona. Maisha yake yote ya kazi aliwafundisha kusoma nukta kwa vidole, huku yeye akizisoma nukta zile zile kwa macho. Alipostaafu, macho yakaanza kufifia, na baada ya miaka michache yakazima kabisa. Akajifunza upya, akiwa nyanya mwenye wajukuu, kile alichokuwa amewafundisha watoto wa darasa la kwanza. Shule yake ya zamani ilikuwa imenunua vifaa vipya, ikampa kimoja kati ya vile vya zamani: mashine ya ukubwa wa trei ndogo ya chai, yenye safu ya vijiti vinavyopanda na kushuka. Ukiiunganisha na kompyuta, maandishi yaliyo kwenye skrini hutokea chini ya vidole vyako kama nukta, mstari mmoja baada ya mwingine.

Kwamba alikuwa mwalimu nilijua. Kwamba haoni nilijua. Ile mashine sikuwahi kuiona, kwa sababu ilikaa juu ya meza kando ya kitanda chake, na chumba cha kulala cha mama mkwe si mahali pa mguu wa mkwe.

Hapa lazima nieleze kidogo. Mimi ni Mkisii niliyezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho, na mke wangu ni Mkipsigis wa karibu na Ndanai. Kwetu tuna chinsoni, ile heshima inayomkataza mtu kuzoeana na mama mkwe wake. Wakipsigis nao wana ya kwao, na mkwe hampi mama mkwe mkono. Vijana wa siku hizi wamelegeza kamba pande zote mbili, wanacheka na wakwe zao na kupiga picha pamoja. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilitaka nionekane nimelelewa, nilizichukua adabu za pande zote mbili nikazijumlisha. Sikumpa mkono, sikula mbele yake, sikukaa upande wake wa sebule. Nikiwa na neno nilimwambia mke wangu, naye akamwambia mama yake, hata kama sote watatu tulikuwa chini ya paa moja tukisikiana vizuri. Kijijini kwao walinisifu sana kwa hilo, na sifa zile zilinikaa vizuri mwilini.

Radi za huku kwetu hazina mchezo. Moja ilipiga karibu na nyumba yao ikaiunguza kompyuta ya mama mkwe, na kazi ya kumtafutia nyingine ikaja kwangu bila mjadala. Nilikuwa na kompyuta ya mkononi iliyotumika, dhaifu lakini nzima. Nikaamua kuitengeneza kwa mtindo wangu.

Mashine zangu huwa naziwekea Linux. Katikati ya mfumo huo kuna kiini, ile programu inayosimama kati ya vyuma na programu nyingine zote. Kiini cha kawaida huja na vipande vingi mno vinavyoitwa moduli, kila kimoja cha kuzungumza na kifaa fulani: printa hii, kamera ile, kebo ya aina hii. Mtu mwenye mashine dhaifu anaweza kuketi na msimbo wa kiini, yaani maandishi yanayokiunda, akaipitia orodha ndefu, akakata asivyovihitaji na kujenga kiini chake chepesi. Kwa kazi hiyo nilikuwa nasifika. Nilimuuliza mke wangu mama hufanya nini na kompyuta. Akasema husikiliza: Biblia, habari, barua pepe za watoto, vyote husomewa na ile sauti ya mashine. Basi nikabakiza sauti, nikaanza kufyeka. Hii hataihitaji. Hii pia hataihitaji. Nilijenga kiini siku nzima, na nilipomaliza kikawaka upesi kuliko mashine mpya za madukani. Nikakiongezea mkia kwenye jina lake, herufi za jina la chumba changu cha kazi, ili fundi mwingine akikifungua ajue kimetoka kwa nani.

Mama mkwe alituma shukrani kupitia binti yake. Ukapita mwaka na zaidi, na sikusikia lalamiko lolote. Nilichukulia kwamba nimefaulu.

Kisha baba mkwe akafariki.

Mazishi yalipangwa Jumamosi. Huku kwetu maziko hayakamiliki bila historia ya marehemu kusomwa: alizaliwa wapi, ukoo gani, alisoma wapi, alipanda chai lini, alimwoa nani, alizaa nani, aliugua nini. Mara nyingi husomwa na mtoto wa kiume mwenye sauti. Kwa bahati tulikuwa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mwalimu wa sekondari ambaye hahitaji kipaza sauti. Alikuwa ameshajiandika kwenye ratiba. Mama mkwe akasema hapana, ataisoma mwenyewe. Wakamuuliza kwa nini ajitese. Akarudia kwamba ataisoma mwenyewe.

Kuiandika hakukumsumbua, kwa sababu vidole vyake vinazijua herufi za kibodi. Taabu ilikuwa kuisoma. Alijaribu kuivaa ile sauti ya kompyuta sikioni na kurudia inachosema, lakini ile sauti husoma Kikipsigis kama mtalii anayesoma kibao cha barabarani. Ilipofika kwenye jina la ukoo wa mumewe aliitoa sikioni akaiweka chini. Kutoboa nukta kwa mkono kwenye karatasi alishindwa, kwani kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjika mwaka uliotangulia na hakijarudi sawasawa. Kilichobaki ni ile mashine ya kando ya kitanda. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na tundu la kuiunganisha. Hii yangu haikuwa nalo, ikahitaji kebo ya kubadilisha. Mke wangu aliinunua Kericho siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi wakaiunganisha, na vijiti havikuinuka hata kimoja. Ndipo nilipopigiwa simu.

Kompyuta yangu ya kazi ni ya mezani, mzigo wa watu wawili, kwa hiyo sikuwa na ya kumwazima. Nilichukua diski ninayohifadhia msimbo wa viini vyangu vyote, nikaifunga ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, nikapanda pikipiki yangu hadi kwao. Nilikuta mahema yakisimamishwa na akina mama wakichambua mboga jikoni. Mke wangu akaniletea vitu vyote barazani, chini ya dirisha la sebule ambamo mama yake alikuwa ameketi na wageni. Hapo ndipo nilipoiona ile mashine kwa mara ya kwanza. Plastiki yake ilikuwa imelainika mahali ambapo vidole vimepita miaka mingi.

Nikachomeka kebo na kutazama kumbukumbu za kiini. Kiini kilikuwa kimeona kwamba kuna kitu kimechomekwa, ila hakikuwa na wa kuzungumza nacho. Nikafungua orodha niliyoitengeneza mwenyewe kule Litein, nikatafuta moduli ya kebo za aina ile. Jibu lilikuwa mbele yangu: haijawekwa. Niliikumbuka hata siku yenyewe. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, kwamba mama wa watu Ndanai atachomekea nini kebo kama hizi. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu na ratiba mkononi. Hakuwa na ubaya. Alimhurumia mama yake. Akaniambia, "Ni hiyo cable, shemeji. Hizi vitu za mjini zote ni fake. Si mimi nisome tu? Mama akae chini apumzike, ameumia vya kutosha."

Nikiri kwamba nilifikiria kumwitikia kwa kichwa tu. Kebo haina mdomo wa kujitetea, na jina langu lingebaki safi. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na ndani vikombe vilikuwa vimenyamaza.

"Kebo ni nzuri," nikasema. "Ni mimi. Nilitoa kitu kwa hii mashine nikadhani hakitatumika."

Mke wangu akafungua mdomo alipeleke neno ndani kama kawaida yetu. Hakuwahi. Sauti ya mama yake ilitoka dirishani, na ilikuwa inanijia mimi moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nioe katika nyumba ile.

"Mkwe, ulimuuliza nani?"

Nikasema nilimuuliza mke wangu.

"Na mimi nilidhani wewe kama fundi umeona mashine ya nukta haifai, nikanyamaza. Mtu hawezi sumbua mkwe. Sasa irudishe."

Kwa hiyo kwa mwaka mzima na zaidi yule mama alikuwa na mashine yake kando ya kitanda, bubu, na hakusema kwa sababu ya kuniheshimu. Na mimi sikuuliza kwa sababu ya kumheshimu. Sijawahi kusikia adabu ikifanya uharibifu kama ule. Nilikasirika, na sikupata wa kumkasirikia isipokuwa mimi.

Shemeji alitaka kujua kama ni lazima kila kitu kijengwe upya. Swali lilikuwa la haki. Stima ilikuwa imepotea tangu mvua ya usiku uliopita, na jenereta ya mazishi ingeletwa kesho yake asubuhi. Betri ilikuwa na saa mbili hivi. Mashine ile ingejenga kiini kizima kwa siku nzima na isimalize. Kupakua kilicho tayari nako hakukuwezekana, maana mtandao ulikuwa umeelemewa na waombolezaji wote wenye simu. Nikamwambia hatujengi kiini. Tunajenga moduli moja, ile niliyoikata, na kiini chenyewe kibaki kikifanya kazi kama kilivyo.

Mama mkwe akauliza kutoka dirishani hilo linawezekanaje. Sikumtafuta mke wangu safari hii. Nilimwambia ni kama shamba lao la chai pale chini: mti mmoja ukikauka katikati ya safu, hung'oi shamba. Unachimba shimo moja, unatia mche mmoja, na miti mingine inaendelea kuchumwa. Akasema ameelewa, na akawaambia wageni wake wapunguze sauti.

Basi nikafungua msimbo kutoka kwenye diski, nikarudisha alama kwenye ile moduli moja, nikauandaa msimbo kwa amri fupi ili uwe tayari kupokea kazi, kisha nikaiambia mashine ijenge folda moja tu, ile ya kebo hizo. Maandishi yakapita kwenye skrini. Ilichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha uji, ikamaliza. Nikaibeba moduli mpya nikaiingiza kwenye kiini kwa mbwembwe kidogo, maana shemeji alikuwa anaangalia.

Kiini kikaikataa. Kikaniambia umbo la moduli si sahihi.

Nikajaribu tena, kana kwamba amri ile ile ingeona huruma. Ikakataliwa tena. Betri ilikuwa imeshuka karibu nusu. Shemeji akakohoa, akakunja ratiba na kuifunua, na nilijua anapanga sauti yake ya kesho. Nilianza kuwaza kwamba labda msimbo umeharibika, labda diski, labda nirudi Litein.

Mama mkwe alisikia kibodi imeacha kulia. "Nini imekataa?"

Nikasema shamba limekataa mche.

"Ni wa aina ile ile?" akauliza. "Baba yao alileta miche kutoka kwa jirani wakati mmoja, akachanganya. Inafanana ikiwa midogo."

Nikajibu haraka, kwa kiburi cha fundi, kwamba ni wa aina ile ile kabisa, msimbo ule ule, toleo lile lile. Kisha nikaangalia, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kusema na nilitaka kuonyesha ukweli wangu. Kiini kinachofanya kazi huiuliza kila moduli inayoingia: umetengenezewa mimi? Na hulinganisha jina herufi kwa herufi. Jina la kiini cha mama mkwe lilikuwa na ule mkia wangu, herufi za chumba changu cha kazi. Msimbo niliokuwa nimeufungua ulikuwa nakala safi, na nilikuwa nimesahau kuutia mkia. Moduli yangu ilikuwa inabisha hodi kwa jina nusu. Kiini nilichokitengeneza mimi kilikuwa kinanifukuza kwa sababu ya majivuno yangu mwenyewe.

"Si wa aina ile ile, mama," nikasema. "Ulikuwa sawa."

Nikachukua orodha halisi ya kile kiini, ile iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta yake, pamoja na faili la kumbukumbu ambalo lilibaki tangu siku ile nilipokijenga. Nikaweka mkia mahali pake, nikaongeza ile alama moja, nikajenga tena folda ile ile. Sikumwangalia mtu. Ilipomaliza nililinganisha majina kwa kidole, nikaingiza moduli bila mbwembwe, na kiini kikaipokea kimya. Hivyo ndivyo kazi nzuri inavyopokelewa. Programu ya nukta, ambayo huja na mfumo wenyewe na ilikuwa inasubiri tu wa kuzungumza naye, ikaipata mashine. Vijiti vikainuka vyote kwa pamoja na sauti ndogo ya tiktiktik.

Mama mkwe aliisikia kupitia dirisha kabla sijasema lolote. Nilimsikia akisimama. Nikaandika jina la moduli kwenye orodha ya zile zinazoamka zenyewe mashine inapowashwa, nikazima, nikawasha, vijiti vikainuka tena. Nikarudia mara ya tatu. Kazi yangu naiamini, lakini siku hiyo niliiamini baada ya kuijaribu. Mke wangu akabeba vyote akavipeleka ndani, na kwa muda wote uliobaki wa betri, katikati ya kelele za mahema na sufuria, ilisikika ile tiktiktik kutoka chumbani ambamo sikuweza kuingia.

Jumamosi jua lilitoka. Walimwekea meza ndogo mbele ya jeneza, kompyuta upande mmoja, mashine ya nukta mbele ya mikono yake, kipaza sauti karibu na kidevu. Mimi nilisimama hatua nne kutoka pale, mbali kiasi cha adabu na karibu kiasi cha kuviona vijiti. Shemeji alikuwa upande wa pili. Alikuwa ameshika nakala ya karatasi, endapo itahitajika.

Akasoma. Alisoma kwa Kikipsigis, ambacho mimi nakisikia vizuri ingawa nikikisema watu hucheka. Alisoma kuzaliwa kwa mumewe, akasoma ukoo wake kwa matamshi yake kamili, akasoma shule ambayo hakuimaliza, miche ya chai aliyoileta kutoka kwa jirani, watoto mmoja mmoja. Vidole vilikwenda kushoto kulia, kushoto kulia, na sauti yake haikuwa kubwa kama ya mwanawe lakini hakuna aliyekohoa.

Kisha akaacha kusoma katikati. Vidole vilitulia mahali pamoja. Watu wakasubiri. Moyo wangu ukaruka moja kwa moja kwenye moduli, kwenye betri, kwenye kebo, na nikaona shemeji akipiga hatua mbele na karatasi yake. Nikatazama vijiti. Vilikuwa vimesimama wima, safu nzima, chini ya vidole vyake. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Nilimtikisia shemeji kichwa, naye akasimama pale alipokuwa.

Mama mkwe akavuta pumzi, akaisoma ile sentensi aliyokuwa ameikalia.

"Tangu macho yangu yazime, yeye ndiye alinisomea. Barua, magazeti, hata maandishi ya pakiti za unga. Alisoma kila siku mpaka akalazwa, na hakuwa msomaji mzuri. Leo namsomea mimi."

Vidole vikahamia mstari uliofuata, naye akaendelea na historia ya ugonjwa wa mumewe.